Tela la mgonjwa linalofungwa kwenye bodaboda yoyote: tuache kununua vyombo vya dharura vya kukaa vinasubiri

fundi_mchuma (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, ila mwenye fani ya afya, ufundi au bodaboda naomba asiupite hivi hivi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko nyanda za juu kusini. Huku kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikikolea kuna vijiji gari haifiki kabisa, hata ile Land Cruiser ya wagonjwa inaishia barabara kubwa inasubiri mgonjwa aletwe. Analetwaje sasa? Kwa machela ya miti na blanketi, watu wanapokezana mabega, au anapigwa mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma anamkumbatia asidondoke. Mtu kavunjika nyonga anapigwa mshikaki. Mama uchungu umeshachanganya anapigwa mshikaki, tena kwenye makorongo.

Angalieni suala la muda. Wataalamu wa uzazi walishapiga hesabu zamani, mama akijifungua akaanza kuvuja damu na asipate msaada wowote, kwa wastani anazo saa 2 hivi. Kifafa cha mimba kama siku 2, uchungu pingamizi (mtoto amekwama hatoki) kama siku 3. Kwahiyo hilo la damu ndo linaua kabla hata kikao cha ukoo hakijaisha kuamua nani atoe hela. Watafiti Thaddeus na Maine mwaka 1994 waliugawa ucheleweshaji mara tatu, kuchelewa kuamua mkiwa nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mimi nina uwezo na ule wa pili tu, mchuma ndo kazi yangu.

Hoja yangu ni hii. Chombo cha dharura kinachonunuliwa maalum kwa dharura, kikawekwa kwenye banda la zahanati kinasubiri mgonjwa, kijijini kinakufa. Betri inakufa, tairi zinakauka, mafuta hakuna fungu, aliyefundishwa kukiendesha kahamishwa au kaacha kazi, na kikiharibika spea zake hakuna duka la karibu linalouza. Wakati huo huo pale kijiweni kuna bodaboda kumi zinazofanya kazi kila siku, zina mafuta, zina madereva wanaoijua ile njia hata usiku, na kila sentá ina fundi na spea zake. Kwahiyo tutengeneze TELA, kitanda chenye magurudumu mawili, linalofungwa nyuma ya bodaboda yoyote ya kijijini kwa dakika chache. Injini iendelee kutafuta riziki, kinachosubiri kiwe ni chuma tu kisichokuwa na betri wala mafuta.

Wenye kumbukumbu watakumbuka mwaka 2010 serikali ilitangaza kununua bajaji 400 za kubeba wajawazito. Nia ilikuwa njema kabisa na watu walisemea mengi kuhusu heshima ya mama kubebwa na bajaji, mimi naongelea ufundi. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mbili nyuma, njia zetu za kijijini zina mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya magari na katikati kuna tuta. Gurudumu la mbele linapanda tuta na ya nyuma yako mferejini, au la mbele liko mferejini na moja la nyuma liko hewani. Magurudumu yenyewe madogo, yanazama kwenye kila shimo. Mlimani injini inapumua. Hicho ni chombo kizuri sana cha mjini kwenye lami.

Alafu kuna mfano wa Malawi, wilaya ya Mangochi, kati ya Oktoba 2001 na Septemba 2002 waliweka pikipiki 3 za wagonjwa zenye kitanda cha pembeni kwenye vituo vya mbali. Muda wa rufaa ulipungua kwa saa 2 mpaka 4 na nusu kutegemea kituo. Bei ya kununua ilikuwa ndogo mara 19 kuliko gari, na kuiendesha mwaka mzima ilikuwa kama dola 508, karibu mara 24 chini ya gari. Kwahiyo kwamba magurudumu ya pikipiki yanaweza kazi hii halina ubishi tena. Ninachoongeza mimi ni kwamba injini isiwe ya kituo, iwe ya kijiji.

Sasa ufundi wenyewe, hapa ndo nataka mafundi wenzangu mnikosoe.

Upana: usizidi sana upana wa usukani wa pikipiki, sentimita 90 hivi, mana njia za miguu mashambani hazina zaidi ya hapo. Urefu wa kitanda sentimita 190. Fremu skwepaipu (bomba la pembe nne) nyembamba, uzito wote tela tupu usizidi kilo 60. Kwanini nang'ang'ania uzito, chukua mlima unaopanda mita 20 kila ukienda mita 100, tela la kilo 60 na mgonjwa wa kilo 70 linaivuta pikipiki kurudi nyuma kwa nguvu kama ya kilo 25. Boxer au TVS inaweza, ila ukichomelea dude la kilo 120 umeua klachi siku ya kwanza na dereva hatakuja mara ya pili.

Magurudumu: hapa wengi ndo wanafeli. Rimu ya pikipiki imetengenezwa ishikwe pande zote mbili, ukiiwekea ekseli ya upande mmoja kama toroli itapinda. Pia pikipiki ikikata kona inalala, kwahiyo spoki zake hazijazoea kusukumwa kwa ubavu, tela halilali, kona zote zinaingia kwenye spoki mpaka zinakatika. Kwahiyo tumia rimu za spoti, zile zisizo na spoki, inchi 17 au 18, na fremu ishike gurudumu ndani na nje. Tairi na tyubu ziwe zile zile za bodaboda zinazouzwa kila sentá.

Kiungo: bodaboda inalala kwenye kona, mgonjwa hatakiwi kulala nayo. Kwahiyo kiungo lazima kicheze pande tatu, kushoto na kulia, juu na chini, na kujizungusha. Krosi ya propela ya gari bovu inakupa mbili za kwanza, ya tatu unaipata kwa bomba linalozunguka ndani ya bomba jingine lenye bushi na grisi, pini mbele yake lisichomoke. Na cheni ya usalama pembeni hata kiungo kikikatika tela lisiondoke na mtu.

Uzito ulale mbele ya ekseli kidogo, kilo 10 mpaka 15 ziegemee kiungo. Ukikosea mgonjwa akalalia nyuma, tela linainua tairi la nyuma la pikipiki, halikamati ardhi, na kwenye mteremko mkia unaanza kucheza.

Springi: shokapu za pikipiki zilizotumika, moja kila gurudumu, lakini zenyewe ngumu kwa mzigo huu, kwahiyo juu yake kitanda kikalie mikanda ya tyubu iliyosukwa, na upepo wa tairi upungue kidogo.

Gharama kwa mahesabu yangu haifiki bei ya bodaboda moja mpya. Nawasilisha, karibuni.

nesi_wa_zamu

Fundi hongera kwa kuwaza, nimeusoma wote. Mimi niko zahanati, mkunga, naomba nikuongezee upande wa mgonjwa mana umejenga kitanda bila kumlaza mtu.

Mama mwenye ujauzito mkubwa asilazwe chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka njiani na mtoto anakosa hewa. Alale ubavu wa kushoto. Kwahiyo kitanda kiwe na kigodoro cha kuegemea mgongoni ili asirudi chali kwenye mashimo, na mikanda miwili mipana, mmoja kifuani chini ya kwapa na mwingine mapajani, HAKUNA mkanda wa tumboni. Kichwa kiweze kuinuliwa kwa anayeshindwa kupumua, na kiweze kulazwa flati na miguu ikapanda kwa anayevuja damu. Godoro livikwe leza linalofutika kwa maji ya klorini, damu na maji ya uzazi yakiingia kwenye sponji limeharibika hilo na mgonjwa wa kesho unamuambukiza.

Nguzo ya dripu ndefu iwepo, ila pikipiki ikitembea dripu inaruka, weka ndoano mbili chupa ibanwe juu na chini.

Kikubwa ambacho sijakiona kwako, mimi nakaa wapi? Mgonjwa anayevuja damu hawezi kwenda peke yake nyuma ya dereva anayetazama mbele. Tela la kubeba watu wawili litakuwa zito. Basi kanuni iwe safari moja bodaboda mbili, moja inavuta, ya pili inanibeba mimi na mkoba inafuata nyuma, inamulika na taa, na dereva wa pili anasaidia kusukuma kwenye utelezi.

Na tusiwadanganye watu, tela sio matibabu. Mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu kabla hajaondoka. Anayevuja damu anapata sindano ya oksitosini, tumbo linasuguliwa, kibofu kinatolewa mkojo, ndo anapakiwa. Na simu inapigwa hospitali KABLA, mana ule ucheleweshaji wa tatu ndo unauma kuliko yote, unafika getini kumbe mtu wa dawa ya usingizi hajaitwa.

deiwaka_wa_milimani

Mimi bodaboda miaka mingi, njia za milima hizo nazijua. Fundi kupanda sio tatizo, tatizo kushuka. Kwenye kushuka tela linakusukuma, ukibana breki ya nyuma tairi linateleza, ukibana ya mbele unapinduka. Na udongo mwekundu umelowa. Bila breki kwenye tela mimi sifungi, nisije nikaua mtu na mimi nikafa.

Lingine wakuu tuongee ukweli, saa 8 usiku mlango unagongwa, mgonjwa yupo, hela hamna. Nimebeba wagonjwa wengi kwa mkopo na sijalipwa na sijadai, ni ndugu zetu, ila mafuta nanunua kwa hela. Na kuna kitu madereva wengi wanaogopa hawasemi, mgonjwa akifia kwenye chombo chako ukoo unakuangalia vibaya, polisi wanakuita utoe maelezo, siku tatu huna kazi.

fundi_mchuma

@deiwaka_wa_milimani breki upo sahihi mia kwa mia na inawezekana bila dereva kugusa chochote. Rimu za pikipiki zinakuja na breki ya dramu, tunaiacha. Mkono wa tela tunaufanya bomba linaloteleza ndani ya bomba lenye springi, tela likitaka kukusukuma bomba linaingia ndani linavuta waya, breki za magurudumu yote mawili zinajibana zenyewe kadri linavyosukuma. Ukivuta kupanda linaachia. Matela ya magari madogo yanatumia mtindo huo huo. Alafu sproketi ya nyuma ya pikipiki iongezwe meno kwa atakayejiandikisha kuvuta, spidi ya juu inapungua lakini mlimani inavuta na kushuka injini inamshikilia.

@nesi_wa_zamu dada yangu umenipa kazi nzuri. Bodaboda mbili nakubali, naiandika kama sehemu ya chombo. Mkanda wa tumbo nilikuwa nimeuchora kwenye mchoro wangu naufuta leo hii.

mwana_kabale

Nimefanya kazi Kabale na Kisoro upande wa Uganda kwahiyo naongezea kitu kuhusu hela na ukoo. Kule kuna vyama vya engozi, machela ya kusuka, kila kaya mwanachama, mgonjwa akipatikana zamu inajulikana nani anabeba, asiyekuja anapigwa faini, na chama hicho hicho kinazika. Wala sio kitu cha mradi, kilikuwepo. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya jamii mwaka 1996 ilipitia vyama hivyo hivyo kwasababu watu walishazoea kuchanga pamoja na kuaminiana.

Kwahiyo tela lako usilikabidhi zahanati wala usilikabidhi kwa dereva mmoja, mkabidhi chama kilichopo, kama ni VICOBA, kama ni chama cha kuzikana, wao ndo wanajua nani hajalipa na nani mgonjwa. Na yule dereva akiitwa polisi anaenda na viongozi wa chama na karatasi ya mtendaji kwamba alitumwa na kijiji, hakwenda kwa biashara yake.

Mashariki mwa Uganda pia, Kamuli na Pallisa, watu wa chuo kikuu cha Makerere waliwapa wajawazito vocha za usafiri, bodaboda wakawa wanalipwa na mradi kwa vocha, na wanaojifungulia vituoni wakaongezeka sana. Kumbe bodaboda walikuwepo siku zote, kilichokosekana ni uhakika wa nauli. Shida ikawa mradi ukiisha na vocha zinaisha, ndo mana nasema chama.

Haki_ya_Kijiji

Samahani mimi napinga. Kwanini maskini ndo abebwe kwenye tela? Waziri akiugua anapandishwa ndege. Tukishaanza kusifia matela, halmashauri itasema tatizo limeisha, barabara haitachongwa na gari haitakuja. Na isitoshe tuna m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, unapiga 115 bure, gari inakuja. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 utafiti wa 2015-16 mpaka 104 utafiti wa 2022. Tuendelee na huko, tusirudi nyuma.

fundi_mchuma

@Haki_ya_Kijiji kaka nakuheshimu na hasira yako ni yangu. Barabara tudai, gari tudai, kila kikao cha kijiji. Ila mwezi wa pili, mvua, mama anavuja damu usiku huu, tumpe jibu gani la usiku huu?

Kuhusu m-mama mimi naona ndo ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Ilianzia kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga, mwaka 2022 ikasainiwa iende nchi nzima. Angalia walichofanya: hawakununua magari mapya kila kijiji. Walimchukua dereva ambaye tayari yupo kijijini na gari yake ya biashara, wakamsajili, akipigiwa anaenda, akifikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Ambulensi ikiwepo karibu inatumwa hiyo, isipokuwepo anatumwa dereva wa jamii. Chombo kinachofanya kazi kila siku kikaitwa kwenye dharura, basi. Hofu ya @deiwaka ya mafuta imekwisha pale.

Kinachobaki ni kile kipande gari isikofika, kutoka mlangoni kwa mgonjwa mpaka barabara inapoishia. Na 115 ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mzee aliyeanguka mwembeni na mtoto mwenye degedege la malaria hawamo. Tela liwe mguu wa kwanza wa safari, linakutana na gari njiani, na kitanda cha juu kichomoke kizima kiingie kwenye gari bila kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani. Hilo naliongeza kwenye mchoro, bolti nne za mabawa, hakuna spana.

Kuhusu heshima, kule kusini mwa Malawi ziliwahi kupelekwa baiskeli za wagonjwa na akina mama wengi hawakuzitaka, mana kwa mila zao uchungu ni siri, na ile baiskeli ikipita kijiji kizima kinajua fulani ameanza. Kwahiyo heshima ni kitu cha kuchora kabisa. Turubai lifunike pande zote, lisiwe na maandishi makubwa wala msalaba mwekundu, rangi ya kawaida, na litumike kwa wagonjwa wote ili likipita watu wasijue ni nini.

nesi_wa_zamu

Hapo kwenye wagonjwa wote nakuunga mkono sana. Zambia, wilaya ya Serenje, waliunganisha baiskeli za wagonjwa na dawa ya artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa watoto wenye malaria kali, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaiweka hapo hapo kijijini alafu mtoto anakimbizwa kituoni, na vifo vya malaria kali vilishuka kwa asilimia 96 kwenye majaribio yale. Dawa peke yake inanunua masaa tu, lazima afike. Na baiskeli peke yake ingefikisha maiti. Hivi vitu viwili vitembee pamoja.

Turubai liwe na dirisha la plastiki upande wa kichwa tafadhali, mimi nikiwa kwenye bodaboda ya nyuma nimwone usoni. Na pawepo uwazi wa hewa kwa juu, jua la mchana chini ya turubai lililofungwa ni tanuri.

mwana_kabale

Na madereva wapewe kitu ambacho sio hela pia. Kaskazini mwa Nigeria chama cha madereva wa usafiri, NURTW, walijitolea kubeba wajawazito wa dharura, na aliyebeba mama siku hiyo akirudi stendi anapakia abiria wa kwanza bila kupanga foleni. Haigharimu mtu shilingi na dereva anafidia muda wake. Vijiwe vya bodaboda vina foleni vilevile, viongozi wa kijiwe wanaweza kupitisha hilo kesho.

deiwaka_wa_milimani

Hilo la foleni limeniingia kabisa, ntalipeleka kwa mwenyekiti wa kijiwe. Fundi na mimi niulize, kiungo unakifunga wapi kwenye pikipiki? Keria ya nyuma sio ya kuamini, ile inabebea magunia lakini imeshikwa na bolti mbili na ukivutia juu pale kwenye kupanda pikipiki inanyanyua kichwa.

fundi_mchuma

Keria hapana kabisa. Kiungo kikae chini, usawa wa ekseli ya nyuma au juu kidogo tu. Nachora mikono miwili ya chuma bapa, inaanzia kwenye bolti za chini za shokapu, moja kila upande, inazunguka nje ya tairi na kukutana nyuma yake. Hapo nguvu inapita kwenye swingi-amu, ile mikono inayoshika gurudumu la nyuma, na haipandi juu. Mikono hiyo inabaki kwenye pikipiki moja kwa moja, haikuzuii kubeba abiria, na kila dereva aliyejiandikisha anafungiwa ya kwake. Tela likija ni pini moja na cheni. Nafasi kati ya tairi na mkono iwe vidole vinne mana matope yakijaa yanasaga.

Wenye Fekon na Kinglion nipimieni unene wa bolti ya chini ya shokapu na umbali kutoka hapo mpaka mwisho wa tairi mniwekee hapa, za Boxer na TVS ninazo.

nesi_wa_zamu

Na mtakapolijaribu jazeni gunia la mchanga kilo 70 kwanza, mkimaliza alale mmoja wenu mzima, mwanaume, usiku, kwenye mvua, njia nzima mpaka barabarani. Akishuka aseme alichoumia ndo mrekebishe hapo. Mimi ntakuja na kipimo cha presha.

deiwaka_wa_milimani

Nalala mimi. Fekon jirani anayo, kesho asubuhi napima naleta.